Elekezo la Kudumu

Fuko wa chuma hachimbi mpaka aambiwe jina. Mpe jina, naye atalaza sikio lake bapa juu ya ardhi, atanyamaza kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani, kisha ataanza kuteremka huku meno yake yakisaga mwamba. Siku ile handaki la maji ya mvua lilipoporomoka chini ya mji wa Shinyanga, mafuko watatu waliletwa kwenye mdomo wa shimo kuu, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kuwatoa wafanyakazi wote waliofukiwa isipokuwa mmoja. Kila mtu alitolewa kwa jina lake, mzima, matope hadi kwenye kope. Watu walishangilia mpaka sauti zikakauka. Halafu Bwana Ngassa, msimamizi wa mahandaki, akamsogelea fuko wa kwanza na kumtajia jina la mwisho.

"Doto Masunga."

Fuko alilaza sikio. Taa ya mgongoni mwake ikawaka kijani, rangi inayomaanisha mtu amepatikana na yu salama. Akakunja meno akatulia.

Bwana Ngassa akamtajia fuko wa pili jina lile lile, kisha wa tatu. Kijani tena, na kijani tena. Doto Masunga, mpimaji wa kuta za handaki, alikuwa bado chini ya ardhi, na mashine zote tatu zilikuwa zikisema amepatikana.

Asiyejua mambo ya anwani atadhani mafuko waliharibika. Hawakuharibika. Heri wangeharibika, maana kilichoharibika hutengenezwa.

Zama hizo kila mtu alikuwa na anwani yake mtandaoni, jina moja la peke yake, kama vile zamani maduka na magazeti yalivyokuwa na majina yao. Wiki ya kumtoa mtoto nje, muuguzi alimpandikiza punje ndogo chini ya mfupa wa bega, na punje hiyo ilitangaza jina lake mpaka siku ya kuzikwa. Milango ililisikia jina ikafunguka. Mafuko walilisikia kupitia mwamba wakachimba. Na juu ya yote alikuwepo Mpekuzi, mtambo wa kuulizia. Umwulize fundi wa pampu, umwulize daktari wa meno, umwulize mjomba wako yuko wapi leo, naye alikujibu kabla hujafunga mdomo. Kila tendo jema ulilofanya liliongeza uzito kwenye anwani yako, na mwenye uzito ndiye Mpekuzi aliyemtaja kwanza. Asiye na uzito hakutajwa kabisa. Tulizoea. Binadamu akishaondolewa kazi ya kutafuta, hata macho yake huyaweka kabatini.

Mpekuzi alikuwa na chuki moja tu: nakala. Akikuta vitu viwili vinavyofanana, huamini kwamba kimoja kinamdanganya, na huvisukuma vyote viwili chini kabisa. Sasa mwambie mtambo wa namna hiyo kuhusu pacha wa Usukumani. Siku moja ya kuzaliwa, mama mmoja, sura moja, na majina ambayo kila nyumba yenye pacha inayo, maana anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto, na hakuna mjadala. Kulwa na Doto wa Mzee Masunga walipoandikishwa, Mpekuzi aliwaona nakala. Mashine ya chanjo ikapita nyumba yao bila kusimama, mara ya kwanza na ya pili. Mtoto mmoja akaugua surua, na wa pili naye akaugua, kama ilivyo kawaida yao.

Karani wa anwani akampa mama yao ushauri. Anwani moja iwe ndiyo yenyewe, na ya pili iwekewe elekezo: anayemtafuta Doto apelekwe kwa Kulwa. Kulikuwa na maelekezo ya namna mbili. La muda humwambia Mpekuzi, nimetoka kidogo, uliza tena ukipita. La kudumu humwambia, nimehama moja kwa moja, usirudi hapa. La muda lilitaka kuhuishwa mara kwa mara, na mama mwenye pacha mgongoni hana muda huo. Wakaweka la kudumu.

Mama Kulwa hakuona ubaya wowote. Nyumbani kwake, ukimwita mmoja wanaitika wawili. Ukimtaka Doto unamwuliza Kulwa, naye anakwambia yuko kisimani au yuko kwa shangazi. Miaka yote ndivyo pacha wanavyopatikana. Alichokosea ni kudhani Mpekuzi naye, akifika kwa Kulwa, ataongeza swali: na mwenzako je? Mpekuzi haongezi swali. Amefika, basi.

Mhandisi wa maelekezo katika Ofisi ya Anwani siku hiyo alikuwa Shija, mdogo wao. Jina lenyewe linamtambulisha, kwani Shija ni anayezaliwa baada ya pacha. Alipopigiwa simu kwamba mafuko wanawaka kijani na dada yake hajatoka, hakuuliza mara mbili. Alimpitia Kulwa hospitalini, idara ya macho alikokuwa daktari, akamkuta na koti jeupe na glavu mkononi, wakaenda pamoja shimoni. Mama yao alikuwa amekwisha kufika, amekaa juu ya jiwe, khanga ameikaza kiunoni.

"Mhandisi," Bwana Ngassa alisema, "mashine hizi zinanitania, au ni mimi nimezeeka?"

"Shikamoo, mzee. Hazikutanii. Ukimtaja Doto, zinamtafuta Kulwa. Kulwa huyu hapa, mzima, ndiyo maana zinawaka kijani. Jina la Doto hazilisikilizi kabisa. Zimeambiwa lilihama."

"Basi lifute hilo elekezo lenu."

"Nimelifuta nikiwa njiani."

"Mbona hawachimbi?"

Shija alijifuta jasho. "Kwa sababu hawaulizi tena. Mpekuzi si mtambo mmoja, mzee. Kipande chake kimo ndani ya kila fuko, kila mlango, kila gari, na kila kipande kina kumbukumbu yake. Viliambiwa mara moja, miaka mingi iliyopita, kwamba Doto amehama moja kwa moja. Kuanzia hapo havipiti tena nyumba ya zamani kuangalia kama amerudi. Mimi nimefungua nyumba, lakini hakuna anayebisha hodi."

"Watasahau lini?"

"Mwezi. Pengine miwili."

Bwana Ngassa alitazama kipimo cha hewa kilichoning'inia shingoni mwake. Alikuwa mtu wa kusema mambo kama yalivyo. "Tawi alilomo limeziba pande zote mbili. Hewa yake haifiki kesho asubuhi. Na usiniambie nichimbe kwa kubahatisha. Matawi yale ni mengi kuliko mizizi, na nikitoboa pasipostahili namfungulia maji."

Kulwa alikuwa amesimama kati yao akivua glavu, kidole baada ya kidole. "Shija," alisema, "nakujua. Ukiwa huna la kusema hunitazama. Sasa hivi hunitazami kwa sababu unalo. Usinizungushe."

"Njia ipo, dada. Siitaki."

"Sikukuuliza kama unaitaka."

Shija alichuchumaa akaichora mchangani, kama alivyofundishwa chuoni, duara yenye mishale. "Fuko akisikia Doto, anakuja kwako. Akifika kwako akakuta elekezo jingine la kudumu linalosema Kulwa amehamia kwa Doto, atajikuta anazunguka. Kumzungusha ndiyo njia pekee ya kumlazimisha aulize upya. Akiuliza, atashika neno la mwisho aliloambiwa. Na neno la mwisho litakuwa kwamba Doto ndiye mwenye anwani. Wewe ndiye uliyehama."

"Kisha Doto akitoka unanirudisha."

"Hapana. Mpekuzi anakubali kuzungushwa mara moja. Mara ya pili anahesabu kwamba wote wawili ni matapeli, na anawatupa wote. Maji yakimwagika hayazoleki, dada. Uzito wako wote utakwenda kwa Doto. Kila jicho ulilolitibu, kila mtu aliyekusifia. Anayekutafuta wewe ataletwa kwake. Na siku ukipotea wewe, hakuna fuko atakayekutafuta."

"Nijiandikishe upya kwa jina jingine."

"Utakuwa nakala ya Doto. Unajua anavyowafanya nakala."

Bwana Ngassa alikohoa, akatazama mafuko, akamtazama daktari.

"Pengine si wakati wake kusema haya," alisema. "Dada yako mwaka jana aligundua ufa uliokuwa unaelekea sokoni. Aliwaokoa watu wengi ambao mpaka leo hawajui. Tukampa tuzo. Tuzo ikaenda kwako."

"Niliipokea," Kulwa alisema. "Nikadhani mmekosea, nikampelekea. Alicheka."

"Nilipomwajiri nilimwuliza, binti aliyesoma hivi anateremka shimoni kutafuta nini? Akaniambia chini hakuna mlango unaouliza jina."

"Alikuwa na maana gani?"

Bwana Ngassa alimgeukia Shija. Ni mhandisi aliyepaswa kulijibu hilo, naye alijibu akiwa bado amechuchumaa. "Mlango ukimsikia Doto unasoma Kulwa. Kama Kulwa yumo ndani ya jengo jingine, mlango unasema haiwezekani mtu mmoja awe mahali pawili. Haufunguki. Kila ulipokuwa hospitali, dada, Doto hakuweza kuingia maktaba, benki, wala ofisi yoyote ya mji huu. Alikuwa anasubiri utoke kazini."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua mlango unavyofanya kazi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anasubiri nje yake."

Kulwa alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya sanduku la vifaa la Bwana Ngassa kana kwamba anaondoka kazini. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa na aibu, aibu ya mtu mzima aliyegundua kwamba maisha yake yote alikuwa anakula sahani mbili na kushukuru kwa moja. Alifikiri jinsi watu walivyomsifu kwa uzito wa anwani yake, uzito usio wa kawaida kwa daktari wa umri wake, na jinsi alivyokuwa akijibu kwa unyenyekevu kwamba ni juhudi tu.

"Fanya," alisema.

"Ngoja." Mama yao aliinuka kutoka kwenye jiwe. Alikuja taratibu, akamshika Kulwa mkono. "Ngojeni kwanza. Nyie wawili nilichompa mmoja nilimpa na mwenzake. Gauni, viatu, hata fimbo. Mmoja akikosea nawachapa wote ili asiwepo wa kumcheka mwenziwe. Sikuwahi kumpunja mtu. Leo mnataka nimtoe mmoja nimlipie mwingine?"

"Ulimpunja, mama," Kulwa alisema kwa upole. "Hukujua. Mimi niliyekuwa nashiba ndiye niliyepaswa kujua."

"Kwa hiyo nichague?"

"Huchagui wewe. Nachagua mimi. Na angekuwa yeye juu na mimi chini, nisingekuwa na haja ya kuombewa, maana mafuko wangenipata asubuhi ile ile. Hilo ndilo linaloniuma."

Mama alimwachia mkono. Akarudi kwenye jiwe, akakaa, akajifunika uso kwa ncha ya khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Sheria ilitaka mwenye anwani atamke mwenyewe. Shija alimshikia kipaza sauti cha ofisi. Kulwa akamshika mkono, kama alivyomshika utotoni wakivuka barabara kwenda shule ya awali. "Mimi Kulwa Masunga," alisema, "nimehamia kwa Doto Masunga, moja kwa moja."

Bwana Ngassa alimtajia fuko wa kwanza jina la Doto. Taa ikawaka kijani. Kisha ikazimika, ikawaka njano, ikazimika, ikawaka kijani, ikawaka njano. Watu walisogea karibu. Taa ilizunguka hivyo kwa muda ambao Shija aliuona mrefu kuliko miaka yake yote ya chuo, mpaka ikatulia kwenye rangi nyeupe. Fuko akafungua meno. Akalaza sikio, akasogea hatua chache upande wa mashariki, akalaza tena, akachimba.

Wenzake wawili walimfuata. Vumbi lilipanda mpaka jua likabadilika rangi. Kina mama wa mtaa ule walileta maji na uji, wakamkalisha Mama Kulwa katikati yao bila kumwambia apoe, maana walijua hapoi. Shija alikaa karibu na Kulwa. Jua lilikuwa bado halijagusa vilima fuko wa kwanza alipotoka akirudi kinyumenyume, amemshika mtu kwenye kitanda chake cha tumboni, naye akatangaza kwa sauti yake isiyo na furaha wala huzuni: "Doto Masunga. Yu hai."

Mama yao alipiga kigelegele kimoja, kikakatikia njiani kikawa kilio. Doto alikuwa amevunjika mguu na midomo yake imepauka, lakini macho yalikuwa wazi na alikuwa akitafuta watu wake mmoja mmoja. Alimwona Kulwa akatabasamu. Wakampakia kwenye gari la wagonjwa. Kulwa akaweka mguu kwenye ngazi ili aketi naye.

"Doto Masunga amekwisha kupanda," gari lilisema, likafunga mlango.

Mama alikuwa ndani tayari. Kulwa alibaki amesimama na mkono juu ya bati lililokuwa linaondoka. Shija akaja kusimama kando yake. Wakaenda kwa miguu.

Doto alilazwa majuma mawili. Majuma yote hayo Kulwa hakuingia wodini wala chumba chake cha upasuaji, kwani kila mlango wa hospitali ulijua kwamba Doto yumo kitandani na hauwezi kumpokea mara ya pili. Wagonjwa wa macho waliofunga safari kutoka Kaliua na Sikonge walimwuliza Mpekuzi daktari bora wa macho, na Mpekuzi akawapeleka moja kwa moja mpaka kitanda cha Doto. Walisimama pale na vitambaa vyao machoni. Mzee mmoja alipapasa ukingo wa godoro akasema, "Daktari, nimeambiwa wewe ndiye." Doto, aliyekuwa hajawahi kutafutwa na mtu yeyote kwa jina lake tangu azaliwe, alimshika yule mzee mkono. Siku hiyo ndiyo aliyomwita Shija na kumlazimisha amweleze yote.

Siku ya kuruhusiwa, alitoka mwenyewe kwa magongo. Kulwa alikuwa anamsubiri barazani, upande wa nje wa mlango wa vioo. Doto alisimama mbele yake, na badala ya kumkumbatia akamgombeza.

"Nani aliwaambia mfanye vile?"

"Ungekufa, Doto."

"Ningekufa nikiwa Doto asiyejulikana, na wewe ungebaki. Mmoja wetu angebaki mzima. Sasa mmenipa wagonjwa wako wanaonibusu mikono. Mimi najua kuta, Kulwa. Macho ya watu siyajui." Alikuwa analia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya upendo, kila mtu aliyekuwa barazani aliiona. "Hujui ulichojitwisha. Mimi ndiye ninayejua."

"Basi nifundishe," Kulwa alisema.

Doto alijifuta machozi kwa kiganja. Akageuka, akaelekeza gongo lake kwenye mlango.

"Ndani kuna mzee wa Kaliua anakusubiri. Mimi nikiwa hapa nje, mlango utakupokea. Utaingia, utamtibu, na shukrani zitakuja kwangu. Usizisubiri. Mlango utasema, karibu, Doto. Usisite, ukisita unakushuku. Usiusahihishe. Ukimaliza nitumie mtu aniambie, maana kabla hujatoka mimi sitaweza kuingia popote, na wewe usiingie mahali bila kunijulisha. Watu watakapouliza Kulwa yuko wapi, wataonyeshwa mimi. Usiwakimbilie kuwaeleza. Wachache watakuelewa, na kesho watauliza tena."

Kulwa alisikiliza yote kwa makini. Akavaa koti lake jeupe. Akasogea mbele ya kioo, akasimama.

"Ulizoea?" aliuliza bila kugeuka.

"Hapana," alisema Doto.

Mlango ukafunguka.